Kiondo Hakina Siri

Hadi mwaka 2017, kila jiko la Kitui lilikuwa na juala moja kubwa la plastiki lililotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na ndani yake mlikuwa na majuala mengine yote yaliyowahi kuingia katika nyumba hiyo. Mengine yamekunjwa, mengine yamefungwa fundo, mengine yangali yananuka samaki wa Krismasi ya mwaka juzi. Mwenye nyumba hakujua idadi yake, lakini ungechukua moja bila kuomba, angejua. Ile ilikuwa akiba. Majuala yalifunika vitabu vya shule mvua inaponyesha, yalivaliwa kichwani na akina mama waliotoka kusukwa, yaliwashia jiko, na watoto waliyakusanya, wakayazungushia kamba ya mkonge, wakapata mpira. Ukambani leo kuna wanaume wazima wenye vitambi ambao chenga zote wanazojisifia walijifunzia kwenye takataka za madukani.

Halafu serikali ya Kenya ikasema basi. Februari 2017, Profesa Judi Wakhungu, waziri wa mazingira wa wakati huo, alichapisha tangazo katika gazeti rasmi la serikali: kuanzia tarehe 28 Agosti, ni marufuku kutengeneza, kuingiza nchini au kutumia majuala ya kubebea mizigo. Serikali ilikuwa imejaribu mwaka 2007 na tena 2011 kwa kukataza yale membamba tu, na kila mara majuala yalishinda kesi bila hata kufika mahakamani. Safari hii hakukuwa na habari ya wembamba wala unene. Adhabu ilikuwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4. Kwa kitu ambacho mwenye duka alikuwa akikupa bure huku akikuuliza kama unataka kingine juu yake.

Kwetu habari ya faini ilifika mapema kuliko habari ya mazingira. Shangazi yangu aliisikia redioni, akawahesabu mbuzi wake wote, akaona kwamba hata wakizaa mapacha mfululizo hawafikii milioni mbili. Akaliteremsha juala la majuala kutoka msumarini, akalifungia sandukuni pamoja na hati ya shamba. Hakulitupa. Kutupa kitu kizima ni dhambi, alisema, na kukificha serikali isikione ni adabu tu.

Siwezi kuilaumu sheria yenyewe. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lenye makao yake Nairobi, lilikadiria kwamba supamaketi za Kenya peke yake zilikuwa zikigawa majuala milioni 100 kwa mwaka. Wangari Maathai alikuwa ameyapigia kelele miaka mingi kabla, akieleza kwamba yakitupwa ovyo hushika maji ya mvua na mbu wakapata pa kuzalia. Huku kwetu maji ya kushikwa ni machache, kwa hiyo majuala yalishikwa na miiba. Kando ya barabara ya Kitui kwenda Kibwezi, migunga ilikuwa imechanua mwaka mzima, mvua iwe imekuja au imekataa: maua meusi, maua ya buluu, na moja moja la mistari. Mbuzi waliyala. Mtu alichinja mbuzi wake wa sikukuu akakuta tumboni juala la duka analolijua, na deni lake la duka hilo likamjia kichwani hapo hapo, kisu mkononi.

Juala lilipoondoka, kiondo kikashushwa ukutani.

Ni lazima niseme kidogo habari za kiondo, kikapu chetu cha mkonge, kwa sababu watu wengi wanakijua kama pambo la ofisi za wakurugenzi. Mkonge ndio uzio wa mashamba yetu. Umepandwa mipakani Makueni yote na Kitui yote, na kule Kibwezi kuna mashamba makubwa ya mkonge. Jani hukatwa, hukwanguliwa nyama yake ya kijani mpaka nyuzi zikabaki, nyuzi hukaushwa, kisha mama huzisokota juu ya paja au muundi wa mguu, mbili mbili, mpaka ngozi ya mahali hapo ikawa laini kama sahani. Kiondo huanzia kitakoni, kwa kiduara kidogo ambacho mtu asiyejua anaweza kudhani ni kifuniko cha chupa. Kutoka hapo mama hukisuka popote alipo: kwenye mkutano wa chama, njiani akienda kisimani, kwenye foleni ya zahanati. Nimeona mama akibishana na chifu kuhusu mpaka wa shamba, anasuka, sauti imepanda, macho yamekaza kwa chifu, na vidole havikukosea uzi hata mmoja.

Kiondo cha kazi husukwa kwa kukazwa. Ukikitia unga haumwagiki. Kile cha watalii husukwa kwa haraka, rangi nyingi na matundu, kwa sababu mtalii atakitia simu na miwani. Jirani yangu, mwalimu aliyestaafu, alipewa cha pili hicho kama zawadi ya kuagwa shuleni. Akakichukua kwa fahari mpaka soko la Kalundu, akanunua ndengu, akamwambia muuzaji amwagie humo humo, hataki karatasi, yeye ni mtu wa mazingira. Alifika nyumbani na kiasi cha kujaza kikombe. Nyingine alizipanda njia nzima, sokoni mpaka mlangoni, mbegu moja moja, kwa nafasi sawa. Ilikuwa Oktoba. Mvua za vuli zikaja, na ndengu zikaota. Mpaka leo mwenye shamba linalopakana na njia hiyo hamsalimii vizuri, maana mwalimu alitaka kuvuna.

Lakini matundu si kitu ukilinganisha na supamaketi.

Jaribu kuingia na kiondo katika supamaketi moja ya mjini, ambayo sitaitaja kwa sababu bado nanunua huko. Mlangoni soja anakusimamisha.

"Mzee, mzigo unabaki hapa."

Unamwambia kiondo ni kitupu. Anakiinamisha, anakitikisa, anaingiza mkono mpaka kitakoni, anakubali kwamba ni kitupu, kisha anakupa kibati chenye namba na kukipandisha kiondo kwenye rafu. Unaingia. Unachukua sukari, unga, chumvi, sabuni ya kipande. Unafika kwa keshia.

"Uko na mfuko?"

"Ninao. Mmenishikia pale mlangoni."

"Basi kauchukue, mzee."

Unakwenda mlangoni. Soja anasema kiondo hutolewa kwa mtu anayetoka, na mtu anayetoka ni yule mwenye risiti. Unarudi kwa keshia, unalipa, unapata risiti. Sasa vitu vyako vimetandazwa kaunta nzima, na nyuma yako kuna mama amebeba mtoto mgongoni na bale ya unga mikononi, anakutazama kwa macho ya mtu aliyeamka saa kumi usiku. Ukienda kukifuata kiondo utaviacha vitu. Ukivikumbatia vitu, sabuni itaanguka. Keshia, ambaye ana huruma, anakuuliza kwa sauti ya chini: "Nikupe wa shilingi kumi?"

Unakubali. Mlangoni unatoa kibati, unapewa kiondo chako, kitupu vilevile, na kwa kuwa mikono imejaa, unakitia ndani ya mfuko mpya. Ndivyo kiondo kilivyorudi nyumbani: kimebebwa.

Hiyo mifuko ya shilingi kumi ina ujanja wake. Imefanywa ionekane kama kitambaa, ukiigusa inakwaruza kidogo kama shati jipya la shule, lakini nayo ni plastiki. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitangaza kuipiga marufuku nayo mnamo Machi 2019, lakini bado tunauziwa. Haipasuki upesi, wala haikunjiki vizuri. Nyuma ya mlango wa jiko letu msumari ule ule sasa umebeba mfuko mmoja mkubwa uliojaa mifuko mingine, na umeanza kupinda.

Watu wa semina wakija kutufundisha kupunguza taka huanza kwa picha za bahari. Mimi ningewaonyesha punda. Punda wa Kitui anapopanda kutoka kwenye shimo la mchanga mtoni, amebeba mitungi minne ya manjano ya lita 20. Mtungi ule ulitoka kiwandani na mafuta ya kupikia. Mafuta yaliisha mapema. Kazi ya maji ina miaka. Ukitoboka, huzibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa motoni kwa kisu. Ukikataa kuzibwa, hukatwa katikati: chini pawe bakuli la kuku kunywea maji, juu pawe faneli. Gunia la sukari likiisha sukari huwa kitanda cha kuanikia mtama. Na mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo 2, ule tunaouita gorogoro au kasuku, ndio mizani ya soko. Fikiria hilo kidogo: biashara ya mahindi, maharagwe na ndengu, kuanzia Mwingi mpaka Mtito Andei, inapimwa kwa vifungashio vilivyokwisha kazi. Hata wizi wa sokoni umejengwa juu yake. Mfanyabiashara mjanja hukibonyeza kitako cha gorogoro kiingie ndani, na wateja wajanja huja na gorogoro zao.

Kwa hiyo msituhubirie kuhusu kutumia kitu mara ya pili. Huku kitu hakiwi taka mpaka kishindwe kabisa kutiwa kitu kingine, na vitu vinavyoshindwa ni vidogo sana. Hapo ndipo tatizo lilipo.

Mtume mtoto dukani jioni na shilingi 100, duka lolote la kijijini kule Kathonzweni au Zombe. Atarudi na majani ya chai ya kifuko kidogo, mafuta ya kifuko, viungo vya mchuzi vya kifuko, sabuni ya unga ya kifuko, na chenji ameshaigeuza peremende mbili, kila moja na karatasi yake. Hicho ndicho tunachokiita kadogo. Kila kifuko hufunguliwa kwa meno. Ile pembe ndogo inayong'olewa kwa meno hutemwa sakafuni, na kesho utaikuta kwenye soksi, kwenye ugali, au kinywani mwa mtoto anayetambaa, ambaye hataki kuitoa. Kifuko chenyewe ukikitazama kwa makini kina tabaka la plastiki, tabaka linalong'aa kama bati, na plastiki tena, vyote vimegandamana. Vijana wanaonunua chupa kuukuu na mitungi iliyovunjika kwa kilo wanapita nyumba kwa nyumba, lakini kifuko hawakitaki hata ukiwaongezea pesa. Hakiwezi kutiwa chumvi kwa sababu pembe imeliwa. Hakitoshi kufunika kitabu. Mtoto hawezi kutengenezea mpira. Kinakwenda kwenye shimo la taka nyuma ya choo, na Jumamosi kinachomwa, na moshi unakwenda kwa jirani aliyeanika nguo.

Na simcheki anayenunua kadogo. Kibarua hulipwa jioni, na jioni hiyo hiyo watu watano wanataka chai. Mafuta ya lita 5 ni rahisi zaidi ukipiga hesabu ya kila kijiko, lakini hesabu hiyo inahitaji uwe na pesa za lita 5 siku moja. Maskini analipia mafuta, halafu analipia na nguo ya mafuta, halafu anaambiwa ndiye anayechafua. Shangazi yangu wa sandukuni alilisema vizuri kuliko wataalamu. "Walituzuia juala la kubebea," alisema, "wakatuachia majuala yanayobebwa." Ndivyo ilivyo. Marufuku ya 2017 haikuwagusa watengenezaji wanaofungashia bidhaa zao huko huko kiwandani.

Dawa ipo, na si ngeni: kupima. Unakuja na chombo, unatiwa unachoweza kulipia, unakwenda. Babu zetu walikwenda na kibuyu. Sisi tuna mashine. Mjini Wote, mjini Kitui na katika miji mingi ya Kenya, kuna mashine za maziwa tunazoziita ATM: unatoa shilingi ulizo nazo, hata ziwe 20, kibomba kinamimina, basi. Mafuta ya kupikia nayo yana pampu zake. Hakuna kifuko, hakuna pembe ya kung'olewa kwa meno. Ubaya wake ni mmoja, kwamba mashine haina akili na chombo chako kina historia.

Shemeji yangu wa Makueni alikwenda kwenye mashine ya maziwa Wote na chupa aliyoichukua kabatini. Ilikuwa safi, imeoshwa, inang'aa. Hakuna aliyemwambia kwamba ilikuwa ya siki. Ukiosha chupa ya siki mara moja, siki haiondoki, inajificha. Maziwa yaliingia yakiwa maziwa. Alipoteremka kwenye bodaboda nyumbani, baada ya matuta yote ya barabara, yalikuwa yamegawanyika pande mbili kama ukoo uliogombania shamba. Dada yangu akayaonja, akanyamaza, kisha akatangaza kwamba leo tunakula ugali na mala. Tulikula. Mala ile ilikuwa na ukali ambao mala ya kawaida huufikia baada ya siku tatu, na mtoto mmoja akaomba iwekwe kwenye kachumbari.

Bucha ni mtihani wa namna nyingine. Majuala yalipoondoka, baadhi ya wauza nyama walirudi kwenye gazeti. Ini lililofungwa kwa gazeti lina tabia ya kunakili. Nimefungua ini nyumbani nikasoma juu yake, kinyumenyume lakini wazi, nusu ya kichwa cha habari kuhusu bajeti ya kaunti. Siasa tunazo za kutosha bila kuzikaanga. Kwa hiyo mke wangu akaamua tuwe tunakwenda na sufuria. Ukitembea mjini na sufuria ya kifuniko, mchana, watu hawakuulizi unakwenda wapi. Wanakuuliza nani amefariki.

"Pole sana, bwana," mzee mmoja aliniambia karibu na kituo cha matatu, na akanishika mkono kwa mikono miwili. Nikamweleza kwamba hakuna msiba, nakwenda kununua nyama nusu kilo. Akaitazama sufuria, akanitazama, akasema pole tena, kwa sauti tofauti.

Kwenye bucha lenyewe kuna jambo la uzito. Muuza nyama huiweka sufuria juu ya mizani, anatia nyama, anasoma. Lazima umkumbushe kwamba hununui sufuria. Yeye atasema amesharekebisha. Wewe utamwomba arekebishe tena uone. Nyuma yako foleni itaanza kuguna. Ushauri wangu: apime nyama kwanza kwenye karatasi, ndipo aiangushie ndani. Karatasi ile ile atampimia na mwingine.

Asali ndiyo iliyotutia aibu kubwa. Kitui ina asali nzuri, ya nyuki wanaokula maua ya migunga, na wauzaji wengi huipakia kwenye chupa za zamani, kwa sababu chupa mpya ni ghali na za zamani zinasubiri nyuma ya kila baa. Nilikuwa nakwenda kwa wakwe Kibwezi, na mkono mtupu hauendi ukweni. Nikamwagiza muuzaji chupa kubwa. Akaniletea ya whisky, lebo yote ipo, ng'ombe aliyechorwa juu yake angali anatabasamu, na ndani asali ya rangi ile ile kabisa ya kilichokuwamo mwanzo. Nikamwomba abandue lebo. Akajaribu kwa ukucha, ikatoka nusu, na iliyobaki ilionekana kama mtu amejaribu kuficha.

Hapo ndipo ubaya wa kiondo ulipojitokeza. Juala jeusi lilikuwa na staha. Ungebeba chochote ndani yake, hata aibu, na hakuna aliyejua. Kiondo kina mdomo mpana na hakina kifuniko. Kwenye matatu kutoka Kitui nilikiweka magotini, na shingo ya chupa ikachungulia kama abiria wa ziada. Tulipofika Mutomo kila mtu alikuwa ameiona. Makanga akaniita mheshimiwa. Ikutha akapanda mama wa kanisa mwenye Biblia ya zipu, akakaa karibu yangu, akaitazama chupa, akahamia kiti cha nyuma. Kwenye daraja la mto Athi palikuwa na askari. Akachungulia ndani, akaniona, akaiona chupa.

"Mzee, hiyo unainywa hapa ndani?"

"Ni asali, afande."

"Kila mtu anasema hivyo."

Ilibidi niifungue. Akainusa, akatia kidole, akalamba, akatia tena. Abiria wawili wa mbele nao wakaomba kuthibitisha. Tulipovuka daraja kuingia Makueni, jina langu lilikuwa safi na chupa ilikuwa imepungua vidole vinne.

Baba mkwe ni mzee wa kanisa. Aliipokea chupa kwa adabu, akaiweka mezani mbele ya wageni wawili wa mkutano wa harambee, na pakawa na kimya ambacho sikukijaza kwa maneno, maana mtu akieleza sana ukweni anazidi kuharibu. Mama mkwe, ambaye kwa heshima zetu huwa hatusogeleani sana, alituma mtoto aje aichukue. Baada ya muda mtoto alirudi na ujumbe: asali ni nzuri, imetiwa kwenye kibuyu, na mama anauliza kama anaweza kubaki na chupa, maana ile ya mafuta ya taa imevunjika. Kwa hiyo mtu akifika pale leo ataiona juu ya kabati, nusu ya lebo, ina mafuta ya taa. Naomba Mungu shemeji yangu asiione.

Mto Athi nao nauingiza hapa, ingawa hauchekeshi. Daraja lile niliposimamishwa liko juu ya maji yaliyopokea mto Nairobi huko juu. Yanapita kati ya Makueni na Kitui, yanapita palipoanza kujengwa bwawa la Thwake mwaka 2018, kisha yanakuwa Galana, yanakuwa Sabaki, yanaingia baharini karibu na Malindi. Kifuko kilichotupwa mtaroni Nairobi kinasafiri bila nauli mpaka Bahari Hindi, na njiani kinapumzika kwenye mchanga wetu, mahali tunapochimba maji ya kunywa. Unaweza kuwa na kiondo kilichokazwa kuliko vyote na bado ukafukua kwenye shimo lako kifuko cha viungo vya mchuzi ambao hukuula.

Mwaka 2022 Kenya ilipitisha sheria ya usimamizi endelevu wa taka, na ndani yake mna jambo ambalo shangazi angelipenda: mtengenezaji anabaki na wajibu kuhusu kifungashio chake hata baada ya kukiuza. Hukumu yangu ni kwamba tulianza kwa kumkamata mama mboga kwa sababu alikuwa karibu, na kiwanda kilikuwa mbali. Sasa twendeni kiwandani.

Kwako msomaji: chombo cha maziwa kioshe nyumbani kwa maji moto, kikauke juani, ukinuse wewe mwenyewe kabla mashine haijakinusa. Kiondo kinunue kwa aliyekisuka, kilichokazwa, na kabla ya kumwomba akupunguzie bei, omba akuachie usokote uzi mmoja kwenye paja lako. Meneja wa supamaketi, mwambie soja wako kiondo kitupu kiingie na mwenyewe.

Na nyinyi wenye viwanda vya mafuta, sabuni na majani ya chai: leteni mapipa ya kupima mpaka maduka ya vijijini, mtu mwenye shilingi 10 apimiwe za shilingi 10. Vyombo tunavyo, na vingi havinuki siki.